Mama ana miaka 78, anatembea kwa fimbo, na anataka kusafiri mbali: tumwandae vipi?

Mtoto wa Tatu (muulizaji)

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu wote.

Mama yetu ana miaka 78. Anatembea kwa fimbo kwa sababu goti lake la kulia limelika kwa miaka mingi, na anatumia dawa mbili za shinikizo la damu, mojawapo ikiwa ni ile inayoongeza mkojo. Nyumbani anajihudumia kwa kila jambo, lakini akitembea mfululizo kwa dakika kumi hivi hulazimika kutafuta mahali pa kukaa. Sasa amekusudia kwenda kumwona dada yake mkubwa anayeishi mbali, safari ya ndege mbili zenye jumla ya saa 11 angani, na katikati yake kuna kubadilisha ndege katika uwanja ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona. Uamuzi wa kwenda ni wake mwenyewe, nasi hatuna nia ya kumzuia. Mimi nitafuatana naye, na tumebakiwa na miezi mitatu.

Kilichotugawa ni kiti cha magurudumu. Kaka yangu anataka tuombe msaada wa kiti katika viwanja vyote, mama anasema kiti ni cha mtu asiyeweza kutembea na kwamba yeye hajafika huko, nami nimesimama katikati nikiwa sina hoja ya kumpa yeyote kati yao. Ningeshukuru pia kupata mwongozo wa namna ya kuuandaa mwili wake kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa naamini miezi mitatu si muda wa kukaa tu na kuhesabu tarehe.

Mstaafu wa Fiziotherapia

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya tiba ya viungo na wazee kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ubishi huu wa kwenu nimeusikia katika familia nyingi. Mara nyingi pande zote mbili huwa zinajibu swali lisilo lenyewe. Kama swali ni iwapo mama anaweza kutembea, jibu liko wazi kwamba anaweza, na hapo kaka yako ameshindwa. Swali linalofaa uwanjani ni umbali atakaotembea, muda atakaosimama, na nguvu atakayobaki nayo baada ya hapo. Katika viwanja vikubwa, mwendo wa kutoka mlango wa kuingilia hadi lango la kupandia ndege unaweza kufika kilomita moja au kuipita, tena ukikatizwa na foleni za mizigo, pasipoti na ukaguzi wa usalama. Kwa goti lililolika, kusimama palepale kwa nusu saa mara nyingi huumiza kuliko kutembea kwa muda huohuo, kwa kuwa anayetembea hupokezana uzito mguu kwa mguu, ilhali aliyesimama kwenye foleni huibana misuli ileile bila kuipa nafasi ya kupumzika. Kwa hiyo mwambieni mama kwamba kiti hicho ni usafiri wa kuvuka jengo, na kwamba nguvu ya miguu yake ni afadhali aitumie kwa dada yake kuliko kuimaliza kwenye korido.

Jambo la pili kuhusu kiti, ambalo watu wengi hawalijui, ni kwamba maombi hayo yana madaraja, na mashirika ya ndege duniani kote huyaandika kwa herufi zilezile. WCHR ni ya abiria anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege, ila umbali wa uwanjani unamshinda. WCHS ni ya yule asiyeweza ngazi lakini anaweza kujisogeza mwenyewe hadi kwenye kiti chake ndani ya ndege. WCHC ni ya abiria anayehitaji kubebwa au kusukumwa mpaka kitini. Tofauti kati ya WCHR na WCHS ndiyo inayowaumiza wengi, kwa sababu ndege haiegeshwi kila mara penye daraja la kupitia moja kwa moja kutoka jengoni hadi mlangoni mwa ndege. Wakati mwingine huegeshwa mbali, abiria wakapelekwa kwa basi, kisha wakapanda ngazi za chuma zilizo wazi, nyembamba na zenye mwinuko mkali. Aliyeandikiwa WCHR atatarajiwa kuzipanda, na aliyeandikiwa WCHS ataletewa gari lenye jukwaa la kuinulia. Kabla ya kuomba chochote, mpeni mama ngazi ndefu azipande na kuzishuka huku ameshika reli, bila haraka, mtu akiwa karibu naye, halafu yeye mwenyewe aseme ni lipi linalomfaa. Maombi hayo ni vema yafike kwa shirika angalau saa 48 kabla ya safari. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 inakataza abiria kutozwa malipo kwa msaada huo, na Marekani ina sheria yake ya tangu mwaka 1986 inayozuia mashirika ya ndege kumbagua abiria kwa sababu ya ulemavu.

Sasa tuje kwenye mwili. Nawashauri mwanze kwa kumpima, maana bila kipimo mtakuwa mnakisia. Chukueni kiti kisicho na mikono, chenye kimo cha sentimita 43 hivi, mkiegemeze ukutani ili kisiteleze. Mama akae katikati, akunje mikono kifuani, kisha asimame wima na kukaa tena mara nyingi awezavyo ndani ya sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 75 hadi 79, chini ya mara 10 ni dalili kwamba miguu imepungukiwa nguvu na hatari ya kuanguka imeongezeka. Kipimo kingine ni kumwacha ainuke kitini, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida na fimbo yake, ageuke, arudi na kukaa. Ikimchukua sekunde 12 au zaidi, kuna kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa. Zoezi la kuinuka kitini ndilo lenye manufaa kuliko yote kwa msafiri mzee, kwa kuwa ndilo tendo atakalolirudia kwenye kiti cha ndege, chooni, kwenye gari na kitandani ugenini. Aanze na idadi asiyochoka nayo, apumzike, arudie, na kila baada ya siku chache aongeze kidogo. La pili ni kuinuka kwa vidole vya miguu akiwa ameshika meza imara, kwa sababu misuli ya nyuma ya mguu ndiyo inayosukuma hatua na ndiyo inayosaidia damu kurudi juu. La tatu ni la mizani: asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, mkono ukiwa tayari kushika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu wa miaka 65 na kuendelea afanye mazoezi ya mizani na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki, mbali na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, na ikiwa mama hafiki huko, afanye kadiri anavyoweza. Dakika zake kumi za kutembea msizilazimishe ziwe ishirini kwa mkupuo mmoja. Zigawanywe mara tatu kwa siku, na kila wiki ongezeni dakika moja au mbili kwa kila mara. Goti likivimba au maumivu yakiendelea hadi kesho yake, rudini nyuma hatua moja.

Na hiyo fimbo, tafadhali ikagueni. Nimeshangaa mara nyingi kuona mzee ametumia fimbo miaka mingi bila mtu yeyote kumwambia kwamba ni ndefu mno au kwamba anaishika mkono usiofaa. Akiwa amevaa viatu vyake vya safari na mikono imening'inia, kichwa cha fimbo kiwe usawa wa mkunjo wa kiganja. Kwa kuwa goti bovu ni la kulia, fimbo ikae mkono wa kushoto na isogee mbele pamoja na mguu wa kulia. Akipanda ngazi atangulize mguu mzima, yaani wa kushoto. Akishuka atangulize fimbo na mguu mbovu. Mpira wa chini ukiwa umelika hata upande mmoja tu, ununuliwe mwingine kabla ya safari, kwa sababu sakafu za viwanja vya ndege ni laini na hupigwa deki mara kwa mara.

Bibi Msafiri

Nimemsoma mtaalamu hapo juu kwa heshima zote, na mengi nakubaliana naye, ila naomba nimsemee mama mwenzangu, maana naona amechukuliwa kama mtu anayeshikilia heshima yake tu. Nina miaka 81 na kiti hicho nimekitumia. Sababu ya wengi wetu kukikataa huenda isiwe majivuno hata kidogo. Ukishaketi kwenye kiti kinachosukumwa na mtu mwingine, watu huacha kuongea nawe. Ofisa anamuuliza mwanao, "Anaitwa nani? Amebeba nini?" ilhali pasipoti iko mkononi mwako na masikio yako yanasikia vizuri. Halafu kuna kuegeshwa: unasukumwa hadi kona fulani, unaambiwa "subiri hapa, mama," na mhudumu anaondoka na abiria mwingine, nawe hujui atarudi lini, hujui kama unaruhusiwa kuinuka, na choo umekiona kimepita upande wa kushoto. Mzee asiyejua atafika chooni saa ngapi huacha kunywa maji tangu asubuhi, na hapo mmeshamharibia safari kabla ndege haijaruka.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kumshawishi, muulize mama ni kitu gani hasa hakitaki katika kiti hicho. Ikiwa ni haya niliyoyataja, yana dawa. Hati zake azibebe mwenyewe, kwenye pochi anayoivaa mbele, na wewe ujizoeze kunyamaza ofisa anapouliza swali. Ukimtazama mama badala ya kujibu, ofisa naye atamtazama. Mhudumu akija, mama ndiye aanze kusema: jina lake, kwamba anaweza kusimama na kutembea hatua kadhaa, na kwamba angependa kupitishwa chooni kabla ya kufikishwa langoni. Wahudumu wengi ni watu wema wanaokimbizana na muda, na abiria anayeeleza mahitaji yake mapema huwarahisishia kazi. Akishafikishwa langoni, ana haki ya kuinuka na kujinyoosha apendavyo. Kuomba kiti hakumfungi mtu humo, na anaweza kukitumia kwenye uwanja wa kuunganisha pekee, ambako mwendo ni mrefu na muda ni mfupi, kisha akatembea kwa miguu yake kwenye uwanja wa nyumbani anaoufahamu. Mimi hufanya hivyo, na mwafaka wa namna hiyo huenda ukamridhisha yeye na kaka yako pia.

Niongeze jambo moja la ukaguzi wa usalama. Fimbo hupitishwa kwenye mashine pamoja na mizigo, hivyo mama atabaki bila kitu cha kushika kwa muda. Aseme mapema, naye atapewa kiti au mkono wa kuegemea. Ndani ya ndege vilevile, fimbo huwekwa kabatini wakati wa kuruka na kutua, kwa hiyo aombe arudishiwe mara tu taa ya mikanda inapozimwa, asije akajaribu kwenda chooni kwa kushikilia migongo ya viti.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Wakubwa zangu wamemaliza habari za viti na fimbo, nami niseme kidogo juu ya saa hizo 11 zenyewe, kwa kuwa muulizaji ametaja dawa inayoongeza mkojo na Bibi amegusa jambo ambalo sisi wauguzi tunalijua sana: mzee kujinyima maji ili asisumbuke na choo. Hewa ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake kwa kawaida uko chini ya asilimia 20, na mzee huchelewa kuhisi kiu. Ukichanganya hayo na dawa ya kuongeza mkojo, mtu huinuka kitini ghafla, shinikizo la damu linashuka, na anaanguka kwenye ujia wa ndege. Wengine huamua wenyewe kuiacha dawa siku ya safari, na hilo nalo si salama. Muda wa kuinywa siku hiyo upangwe na daktari wake wakati bado mna wiki kadhaa mkononi. Mara nyingi inawezekana kuusogeza bila kuiacha dawa. Mkatieni kiti cha kando ya ujia, karibu na choo lakini si ukutani kwake ambako watu husimama usiku kucha, na kila anapotaka kuinuka akae kwanza wima kwa dakika moja huku akichezesha nyayo.

Kuhusu damu kuganda miguuni, utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi ya kukaa bila kujongea, iwe kwa ndege, basi, treni au gari. Kwa watu wenye afya, hatari yenyewe ilikadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 6,000, kwa hiyo si jambo la kumtia mama hofu, ila umri, upasuaji wa karibuni, saratani au historia ya kuganda kwa damu huipandisha, na safari kadhaa zikifuatana kwa muda mfupi hujumlishana. Soksi za kubana zinazoishia chini ya goti husaidia, mradi zipimwe kwenye mguu wake. Asizivae bila kumwona daktari ikiwa mishipa inayopeleka damu miguuni imeziba au ana vidonda. Asijianzishie aspirini kwa ajili ya safari peke yake. Asipewe dawa ya usingizi pia, wala zile dawa za zamani za mzio ambazo watu huzitumia kama za usingizi, kwa kuwa mzee aliyelewa dawa hajongei akiwa kitini, na akiamka huwa amechanganyikiwa na kuyumba. Baada ya safari, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, ni hospitali moja kwa moja, hata kama imepita wiki mbili.

Hewa ya ndani ya ndege huwekwa katika mgandamizo unaolingana na kuwa mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400. Mtu mwenye moyo na mapafu mazima halioni hilo. Kipimo cha haraka ni hiki: kama mama anaweza kutembea mita 50 au kupanda ngazi za ghorofa moja bila kuishiwa pumzi, kwa kawaida hakuna tatizo. Kinachomsimamisha kikiwa ni goti tu, ni habari nyingine; kikiwa ni pumzi, daktari aambiwe.

Na kama huko mwendako wanadai cheti cha homa ya manjano, angalieni kwanza kama aliwahi kuchanjwa. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote, hata kilichotolewa zamani. Akiwa hajawahi kuchanjwa kabisa, msikimbilie sindano, maana kwa wenye miaka 60 na zaidi wanaochanjwa kwa mara ya kwanza madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Daktari atapima faida na hasara, na anaweza kuandika cheti cha msamaha, ambacho inafaa mkiulizie ubalozini mapema kama kitakubaliwa.

Mtoto wa Tatu (muulizaji)

Nawashukuru sana, hasa Bibi Msafiri. Jana usiku nilimsomea mama maneno yake yote, naye akacheka na kusema kwamba huyo mwenzake angekuwa jirani yake wangeelewana. Kumbe kilichokuwa kikimsumbua ni hilo la choo na kuegeshwa. Amekubali kiti kwenye uwanja wa kuunganisha tu, na ngazi alizipanda na kuzishuka vizuri, ingawa kushuka kulimchukua muda na aliniambia wazi kwamba asingependa kufanya hivyo kwenye mvua. Kwenye kipimo cha kuinuka kitini alifika mara 8. Fimbo kweli ilikuwa ndefu, tena kwenye mkono wa kulia.

Yamebaki mawili. Tuombe WCHR au WCHS, na je, muda wa saa moja na nusu wa kuunganisha ndege unatosha?

Mstaafu wa Fiziotherapia

Mara 8 ni mwanzo mzuri, na kwa miezi mitatu natarajia aipite 10. Mpimeni tena kila baada ya wiki mbili, saa zilezile na kwa kiti kilekile. Kwa kuwa kushuka kunampa taabu, ombeni WCHS kwa sehemu hiyo ya safari. Ikitokea ndege ikaegeshwa penye daraja, hatakuwa amepoteza kitu.

Saa moja na nusu haitoshi. Abiria wa kiti kwa kawaida hushushwa wa mwisho baada ya wengine wote kutoka, na mhudumu akichelewa kidogo tu muda umekwisha. Tafuteni ndege inayowaachia saa tatu, apate kwenda chooni, kunywa maji na kutembea kidogo kabla ya safari ya pili. Halafu hakikisheni kama ndege zote mbili ziko kwenye tiketi moja. Zikiwa tiketi mbili tofauti, ombi la msaada halihami lenyewe kutoka shirika moja kwenda jingine. Pigeni simu kwa kila shirika, na mwombe mhudumu awasomee kilichoandikwa kwenye nafasi ya mama.

Bibi Msafiri

Na kule kwa dada yake, mpigie simu leo umuulize usiku njia ya kutoka kitandani hadi chooni ikoje. Wengi huvuka bahari salama, kisha wakaanguka usiku wa kwanza kwenye nyumba wasiyoijua, gizani, wakiwa na ndara, huku mwili ukidhani bado ni mchana. Mama abebe tochi ndogo na viatu vya ndani vyenye kisigino kilichofungwa, taa ya korido iachwe ikiwaka, na mazulia madogo yakunjwe kabla hajafika. Mwambie ananidai salamu.